Kurasa Zisizokatwa
Sehemu ya tisa: Sanduku kwa Kambere

Tulimwacha muzee Donat mlangoni mwa atelie ya useremala ya mdogo wake kule Ndosho, ufunguo mkononi, jasho la kutembea kutoka Murara bado halijakauka shingoni. Na mdogo wake Kambere, fundi wa milango, alikuwa amemwuliza maneno mawili tu.

"Sanduku gani?"

Muzee Donat alidhani anataniwa. Akacheka kidogo.

"Sanduku yenye Henriette alituma hapa wiki ya mabomu. Vitabu vyangu vya meli."

Kambere akaweka randa chini. Yeye hakucheka, akamjibu kaka yake mkubwa.

"Yaya, kwangu sanduku haikufika. Nilifikiri mulikimbia nayo kule Himbi."

Wewe unayeanza leo, sogea karibu, sitakuchelewesha. Muzee Donat alikuwa mekanisieni, fundi wa mashine za meli za ziwa kati ya Goma na Bukavu, kwa miaka thelathini na moja. Bahari hajaiona. Lakini vitabu vya zamani vya vita vya meli amekusanya thelathini na saba. Vingine aliachiwa na mapadri waliorudi kwao. Kimoja alikiokoa kwa mama muuza karanga, aliyekuwa amekwisha kuchana kurasa ishirini za kufungia.

Kati ya vyote, anachokitafuta leo ni kimoja, cha jalada la bluu.

Babu yao, Kasereka, mtu wa Beni, alichukuliwa kwenda kuchochea moto katika meli ya vita ya Wabelgiji, Ziwa Tanganyika, walipopigana na Wadachi wa Ujerumani. Hakurudi. Hapakuja barua, hapakuja mtu wa kusema nilimwona akianguka. Mtoto wake aliyebaki na miaka sita ndiye baba wa Donat, na mzee huyo alizeeka akiuliza swali lile lile. Alipokufa, swali akamwachia binti yake mkubwa, Masika.

Kitabu cha bluu, mwishoni, kina orodha ya watu weusi waliofanya kazi kwenye mashine za zile meli, na yaliyompata kila mmoja. Muzee Donat amekuwa nacho miaka kumi na moja. Orodha hajaisoma.

Unauliza kwa nini. Kwa sababu kitabu kile hakikukatwa. Zamani vitabu vya Kifaransa vilitoka kwa mchapaji karatasi zikiwa zimekunjwa, na mwenye kitabu ndiye aliyezikata kwa kisu, ukurasa baada ya ukurasa. Hicho hakuna aliyekikata kwa miaka mia moja, na kwa wakusanyaji kitabu cha namna hiyo ni bikira, hakiguswi. Donat alikuwa anapanua mikunjo kwa kidole na kuchungulia ndani kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Kichwa cha orodha alikiona. Majina hayakuonekana. Henriette, mke wake, alimwambia mara nyingi akate tu. Akajibu kwamba siku yake itafika.

Juma lililopita yaya Masika, dada yao mkubwa, ambaye ana miaka themanini na minane na leo ni siku ya nne hajameza kitu, alimshika mkono akamwambia neno moja: "Kata." Naye akakubali. Ndiyo maana yuko Ndosho, na ufunguo.

Sasa mdogo wake anamwambia sanduku halikufika.

Akampigia Henriette simu. Henriette alikuwa analowesha midomo ya wifi yake kwa kitambaa. Aliweka kitambaa chini, kisha akaeleza taratibu, asimtishe mume wake zaidi ya alivyokwisha kutishika. Asubuhi ile ya kukimbia, alisema, alisimamisha motari mmoja, mwendesha pikipiki, kijana mrefu anaitwa Niyibizi. Alimwambia apeleke sanduku Ndosho, kwa Kambere, fundi wa mbao. Yule kijana alikataa kulipwa. Alisema siku kama ile mtu halipishi.

"Alifika," Henriette akasema. "Jioni alinipigia. Alisema sanduku imepokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na Kambere, Donat. Alisema na Kambere."

Niyibizi hakuwa tena na moto, ile pikipiki yake. Ilichukuliwa wiki ile ile. Muzee Donat alimwacha mdogo wake na kazi zake, akamkuta kijana parkingi ya Ndosho anasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, lenye magunia ya makala ya kupikia, na alipomtambua muzee kwa jina la Henriette alishusha mzigo wote, akamwomba mwenzake auangalie, akawa tayari kutembea. Alitembea upande wa barabara, muzee akabaki upande wa ukuta, moto zisimrushie vumbi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Njiani akaeleza. Alifika Ndosho mabomu yanalia. Watu wanakimbia huku na huku, wengine wamebeba magodoro, wengine wamebeba ndugu zao. Namba ya nyumba hana. Akafanya ambalo kila mtu angefanya.

"Niliuliza batu, niko na sanduku, Kambere fundi wa mbao ni wapi? Walinionyesha mbio mbio. Hata wawili walinisaidia kusukuma."

Muzee Donat akasimama katikati ya njia.

Ninyi mnaijua Ndosho. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambere, kwa hiyo hakuna avenii isiyo na Kambere wake, na penye Kambere wanne mmoja lazima ni fundi. Na wiki ile, ukisema sanduku na fundi kwa pumzi moja, hapakuwa na mtu wa kufikiria vitabu.

"Walikupeleka kwa Kambere wa masanduku ya wafu," muzee akasema.

Niyibizi akatazama chini. "Mimi sikujua kama wako wengi, papa."

Muzee Donat hakumlaumu. Alimshika bega, wakaendelea.

Huyo Kambere wa pili alikuwa mtu mkubwa, mpole, ndevu zimejaa unga wa mbao. Majeneza yalisimama ukutani kwake kwa kimo, marefu nyuma, mafupi mbele, kama wanafunzi wanaopigwa picha. Niyibizi alipoingia, fundi akamtambua palepale. Akamtazama yule mzee nyuma yake, akauona ufunguo. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa mkono wake, akampa.

"Muzee, ni wewe mwenye vitabu."

"Ni mimi."

"Nilikungojea sana."

Alisema kweli, nami nataka mjue alivyongoja. Sanduku aliliweka juu ya matofali, mvua isilifikie, akalifunika kwa turubai. Aliomba litangazwe parokiani kwake Jumapili tatu mfululizo. Lakini watu wa Murara husali Murara, tena Jumapili zile wengi hawakutoka nyumbani. Hakuna aliyekuja. Akaendelea kungoja hadi mwezi wa nne ukaingia.

Halafu kitambaa kikaisha. Kile cheupe, cha kutandika ndani. Kilichokuwa kinatoka nje hakikufika tena, na waliokuwa nacho walikificha.

"Batoto walikuwa wengi," fundi akasema. "Mama mumoja aliniambia, papa, usimulaze kwa mbao tupu, itamuchoma. Mutoto amekufa, lakini mama anasema itamuchoma. Nikaangalia pale ndani yote, sikuona kitu. Nikavunja kufuli yako."

Muzee Donat akauangalia ufunguo mkononi mwake. Akautia mfukoni.

"Nilianza na kile kikubwa cha picha," fundi akaendelea. Hakujificha, alieleza kama mtu anayeungama. Kile kilikuwa na ramani za bahari za kukunjua, za bluu na nyeupe, na akina mama walizipenda. Juu ya kila picha ya meli palikuwa na karatasi nyembamba, laini, ya kuilinda picha. Hizo alizikunja mara nne, akaziweka chini ya vichwa.

Miaka arobaini ya kukusanya. Muzee Donat alivipitia vitabu vyake kimoja kimoja kichwani, chenye mizinga, chenye vita vya Warusi na Wajapani, kile cha karanga chenye kurasa ishirini pungufu. Vilikuwa chini ya udongo mweusi wa makaburi, kila kimoja vipande vipande, na juu ya kila kipande mtoto. Alitafuta ndani ya moyo wake mtu wa kukasirikia. Alimpitia Henriette, akampitia kijana wa moto, akamfikia huyu fundi. Hakumpata.

Akauliza kwa sauti ndogo kuhusu kile cha bluu.

Uso wa fundi ukafunguka. Alidhani sasa anapewa nafasi ya kusema jambo zuri.

"Kile ndicho kilikuwa bora kuliko vyote, muzee. Karatasi yake haikukatwa. Ukitoa uzi, inafunguka kubwa kama shuka. Moja inatosha mutoto moja, haina kiungo. Nilikiweka kwa ajili ya wadogo kabisa."

Niyibizi aligeuza uso. Yeye hakuwa anajua habari za vitabu bikira, lakini aliuona mkono wa mzee ukirudi mfukoni penye ufunguo.

"Imebaki karatasi ngapi?"

"Hakuna. Ya mwisho nilibandika jana."

Nje, mtu alikuwa anapigilia bati.

Halafu mekanisieni wa zamani akafikiri kama mekanisieni. Akainua kichwa.

"Ulipokuwa unazitoa, ulianza mbele ao nyuma?"

Fundi akashangaa swali. "Mbele, muzee. Mutu anaanza kitabu mbele."

"Basi ya jana ilikuwa ya mwisho wa kitabu."

"Ndiyo."

"Na sanduku yake iko wapi?"

Fundi akanyoosha kidole. Karibu na mlango, juu ya viti viwili, palikuwa na jeneza dogo, urefu wa mkono mmoja na nusu. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa kando. "Wanakuja kuibeba saa sita," akasema.

Ilikuwa saa tano na nusu.

Muzee Donat alipiga magoti. Fundi alileta taa ya simu yake, akamulika, bila kuuliza. Ndani, karatasi ilikuwa imetandazwa safi, imepanda kuta zote mbili, haina kunyanzi hata moja. Kurasa nane zilikuwa zinamtazama. Nne zilisimama wima na nne ziligeuka kichwa chini, kwa maana ndivyo karatasi inavyokuwa kabla ya kukunjwa. Aliingiza kichwa ndani ya jeneza. Akakizungusha hivi, akakizungusha vile.

Orodha ilikuwa pale.

Majina yalipangwa kwa herufi. Akapita A, akapita B. Mtu wa Uvira alizama. Mtu wa Kasongo alikufa kwa kuhara. Mwingine alirudi kwao na medali. Herufi K ilianza kwenye ukurasa uliogeuka chini, ikabidi alaze shavu juu ya karatasi ili asome. Alisoma Kifaransa kwa midomo, polepole, akikigeuza Kiswahili kadiri anavyokwenda.

Mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa ule ulisema hivi: Kasereka, wa Beni, mchochea moto. Siku tanuri la meli lilipopasuka, yeye ndiye

Na ukurasa ukaisha.

Sentensi iliendelea nyuma ya karatasi.

Muzee Donat akatoa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikuvunjika.

"Ulibandika na nini?"

"Na gundi ya unga wa muhogo," fundi akajibu. "Nilipaka yote, muzee, pembe kwa pembe. Nilitaka isimutokee mutoto njiani."

Muzee akarudisha kichwa ndani, akatafuta pembe iliyolegea. Hakuiona. Na wakati huo, kichwa chake kikiwa ndani ya jeneza, akasikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Papa, uko unatafuta nini ndani ya kitanda ya mutoto wangu?"

Alikuwa mama kijana, hajafika miaka thelathini. Jina lake Deborah. Nyuma yake alisimama kaka yake na kitenge kilichokunjwa mkononi. Walikuwa wamefika kabla ya saa. Mtoto, Munezero, wa miaka mitatu, alikuwa angali hospitalini anawangoja.

Muzee Donat akainuka kwa shida, Niyibizi akamshika kiwiko. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema anakagua mbao. Lakini mtu aliyelaza shavu mahali ambapo mtoto wa mwenzake atalaza shavu hawezi kumwambia mama huyo uongo. Akamweleza yote, kwa ufupi, kuhusu babu, na dada, na sentensi iliyokatika. Alieleza huku anamwomba radhi, na fundi naye akaomba radhi, hata Niyibizi akaomba.

Deborah alisikiliza. Kisha akalisogelea jeneza, akaitazama karatasi muda mrefu. Hakujua Kifaransa.

"Huyo babu yenu," akauliza, "hawakumuzika?"

"Hatujui, mama. Ndicho tunatafuta."

Akamgeukia kaka yake, akachukua kile kitenge. Akasema, "Ng'oa, muzee. Mimi nitatandika hii."

Kaka yake akafungua mdomo. Deborah akamtazama tu, akaufunga.

Wasomaji wangu, kuna watu ambao siku yao ya giza kuliko zote wanakupa mshumaa wao. Kumbukeni jina lake.

Muzee Donat akaingiza ukucha kwenye pembe ya ukurasa ule, taratibu, kama alivyokuwa anachungulia mikunjo yake miaka kumi na moja. Karatasi ikainuka upana wa kidole.

Fundi akasogeza taa, na hapo wote wakaona. Karatasi ilikuwa imepasuka ndani kwa ndani, kama ganda la kitunguu. Iliyoinuka ilikuwa ngozi ya juu tu, upande aliokwisha kuusoma. Upande wa nyuma, wenye maneno, ulibaki juu ya ubao, maneno yenyewe yameangalia mbao, yamezama katika unga wa muhogo. Hata ukileta maji, wino utakwenda na maji. Hata ukileta kisu, utakata maneno.

"Tupasue ubao," fundi akasema. "Nitatengeneza ingine, muzee, nitafanya mbio."

Donat akatikisa kichwa. Anajua mbao, anajua gundi. Pale hapakuwa na kitu cha kusoma tena. Na mama wa watu amesimama.

Akatia mate kwenye kidole gumba, akairudisha ile ngozi mahali pake, akaibonyeza mpaka ikatulia. Kisha akachukua kitenge mkononi mwa Deborah, akamrudishia mabegani, akamfunga vizuri kwa mbele, kama mtu anavyomfunga binti yake.

"Utakihitaji, mama. Jioni kuko baridi."

Akawasaidia kubeba hadi barabarani. Jeneza lile lilikuwa jepesi, watu wanne hawakuhitajika, lakini yeye, fundi, Niyibizi na yule kaka, wote wanne walilishika.

Alirudi Murara kwa miguu. Niyibizi alimsindikiza mpaka mlangoni, akakataa hata maji, akasema amemwacha mwenzake na magunia.

Henriette aliitazama mikono ya mume wake, mikono mitupu, akaelewa. Akamsogezea kiti karibu na kitanda cha wifi yake, akasimama nyuma yake, akaweka viganja vyake juu ya mabega yake.

Yaya Masika alikuwa macho. Tangu asubuhi alikuwa amekataa kulala, asije akalala moja kwa moja kabla ndugu yake hajarudi.

"Donat. Kimekatwa?"

"Kimekatwa, yaya."

"Umesoma?"

Mlangoni mwa fundi muzee Donat hakuweza kumdanganya mama asiyemjua. Sasa alikuwa mbele ya mwanamke aliyembeba mgongoni, aliyempa chakula chake wakati wa njaa akisema ameshiba.

"Nimesoma."

Uso wa Masika ukalainika, ukawa wa msichana. Akaomba ainuliwe. Henriette akampangia mito. Akaomba dirisha lifunguliwe, halafu akashika mkono wa ndugu yake, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Anza basi. Usiruke hata neno moja."

"Kasereka, wa Beni," muzee Donat akaanza, "mchochea moto. Siku tanuri la meli lilipopasuka, yeye ndiye…"

Akatazama dirisha.

Vidole vya mgonjwa vikakaza juu ya vyake, kwa nguvu ambayo Henriette hakujua kama bado imebaki ndani ya mwili ule.

"Yeye ndiye nini, Donat?"